Pramu, strola, bagi, woka: mtoto mchanga alazwe kwenye kigari gani?

"Habari za kazi dokta. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Naishi Tabata ghorofa ya pili, lifti hakuna, na barabara yetu ya mtaani ni mchanga na mashimo mpaka ufike lami. Dada yangu yupo Birmingham anataka kunitumia kigari cha mtoto kwenye kontena, ananiuliza nataka pramu, pushichea au bagi. Wifi yangu yupo Minnesota, yeye anasema nichukue strola ya seti, ile inayokuja na kiti cha gari. Nikapita Kariakoo kuulizia, muuzaji akaniambia vyote ni kitu kimoja, alafu akanionyesha na ile woka ya duara akasema hii ndo itamfanya mtoto atembee mapema. Mama mkwe nae anasema kigari kinalemaza mtoto na miguu inaota matege, nimbebe mgongoni kwa kanga kama walivyobebwa wao. Nimechanganyikiwa. Hivi vitu vinatofautianaje, na mtoto anaweza kuwekwa humo tokea siku ya kwanza? Hela yangu sio nyingi, sitaki kununua mara mbili."

Hongera sana mama kijacho, na asante kwa kueleza mpaka ghorofa na mchanga wa mtaani, maana hayo mawili yataamua mambo mengi kuliko jina la kigari. Mimi ni mfiziotherapia wa watoto, kazi yangu ya kila siku ni shingo, migongo, nyonga na miguu ya watoto, kwahiyo nitakujibu nikianzia kwenye mwili wa mtoto alafu vigari ndo vifuate.

Kwanza, muuzaji wa Kariakoo hayupo sahihi. Sio kitu kimoja. Kuna kigari cha kumlaza mtoto, kuna cha kumkaliza, kuna kiti cha kumlinda ndani ya gari, na kuna woka ambayo hata sio chombo cha kumbebea mtoto. Ukikosea hapo unaweza kumkalisha mtoto wa wiki mbili kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miezi saba.

Ila dada yako na wifi yako wala hawabishani, ni nchi tu zinaita tofauti. Uingereza ukisema pramu watu wanaelewa kile kigari chenye kama kitanda juu yake, mtoto analala chali kabisa. Pushichea ni cha kukaa, na bagi mara nyingi ni kile chepesi kinachojikunja kama mwavuli, ingawa siku hizi Waingereza wenyewe wanachanganya bagi na pushichea bila wasiwasi. Marekani karibu kila kitu cha kusukuma mtoto ni strola, na kile kitanda cha juu wanakiita basineti wakati Uingereza ni karikoti, na ukitaja bagi majimbo ya kusini mtu anaweza kudhani unaongelea toroli la supamaketi. Australia wao wanaita pramu hata kile cha kukaa. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanaosema Kifaransa wana lando kwa kile cha kulaza na pusete kwa cha kukaa. Hapa kwetu tunasema kigari cha mtoto, toroli la mtoto, strola, yoyote inayokuja mdomoni. Sasa ukimwagiza mtu kwa jina tu unategemea bahati. Mwagize kwa kazi: kinamlaza mtoto chali au kinamkalisha, kimeandikwa kuanzia umri gani, na kina kilo ngapi.

Kwanini nang'ang'ania hili la kulala chali? Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, kizito mno ukilinganisha na shingo yake, na misuli ya shingo bado haijapata nguvu ya kukishikilia. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Ukimkalisha nusu mgongo umeinama, hasa akisinzia, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa. Mtu mzima akibanwa hivyo anashtuka na kujigeuza, mtoto wa wiki tatu hana uwezo huo, na mbaya zaidi inatokea kimyakimya, halii wala hahangaiki, kwa nje unaona kama amelala vizuri. Kwahiyo kanuni ya miezi ya mwanzo ni sehemu tambarare, godoro gumu kiasi, mtoto chali, bila mito na bila midoli ya kumzunguka.

Shingo huanza kushika vizuri kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Kukaa bila kushikwa ni baadaye zaidi na watoto wanatofautiana sana: Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaona mtoto mzima wa afya anaweza kukaa mwenyewe popote kati ya miezi 3.8 na miezi 9.2. Ndo maana vigari vingi vya kukaa vimeandikwa kuanzia miezi 6. Sio kwamba siku ya kutimiza miezi sita mgongo unakomaa, ni wastani tu wa usalama, na kama wa kwako kwenye mwezi wa sita bado anaangukia pembeni basi subiri, hakuna anayekukimbiza.

Sasa twende kwenye vigari vyenyewe.

Pramu ya kulaza ndo ya zamani kuliko zote, ukoo wake unarudi mpaka mwaka 1733 ambapo fundi mbunifu William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari chenye umbo la kombe la baharini, kikavutwa na mnyama mdogo, kwa ajili ya watoto wake. Za leo zina kitanda, springi, magurudumu makubwa na kofia ya kuzuia jua. Kwa mtoto mchanga hakuna kinachomfaa kuliko hii, mgongo umenyooka na anapumua bila shida. Tatizo lake ni umri. Karikoti nyingi zinaishia kilo 9 au pale mtoto anapoanza kujigeuza, kujiinua kwa mikono na magoti au kukaa mwenyewe, lolote litakalotangulia. Ina maana inaweza kukutumikia miezi mitano au sita tu, alafu ni nzito na inajaza chumba. Kwa mtu wa ghorofa ya pili bila lifti mwenye kidonda cha upasuaji endapo utajifungua hivyo, hapana, siwezi kukushauri ubebe kitu cha kilo kumi na kitu kwenye ngazi.

Bagi ya mwavuli ni ndugu wa upande wa pili kabisa. Huyu alikuja mwaka 1965 kwa Owen Maclaren, Mwingereza mhandisi wa ndege aliyewahi kufanya kazi kwenye magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, akachukua ujuzi wake wa mabomba mepesi ya aluminiamu akatengeneza kigari kisichofika kilo 3 kinachokunjwa kwa mkono mmoja. Ukielewa hivyo unaelewa na udhaifu wake, wepesi ule umepatikana kwa kutoa vitu: kiti ni kitambaa kilichoning'inia kati ya mabomba, mgongo wa mtoto unazama, magurudumu ni madogo. Mtoto anayekaa mwenyewe anafurahia humo, ila wa wiki nne anakunjika kama nilivyoeleza pale juu. Na kwenye mchanga wa Tabata yale magurudumu madogo yanazama, utajikuta unakivuta kinyumenyume na mtoto ndani.

Katikati ya hao wawili kuna kigari kinacholala mpaka chini. Ni cha kukaa ila mgongo wa kiti unashuka mpaka mtoto analala karibu chali, na nyingine unabadilisha kiti kinakuwa karikoti kwa kufungua vifungo viwili vitatu. Hiki nakupigia mstari kwa sababu umesema hutaki kununua mara mbili. Kipimo cha Ulaya cha vigari, EN 1888, kinataka kiti kinachouzwa kwa watoto chini ya miezi sita kifunguke angalau digrii 150, yaani kubaki na kamwinuko kadogo tu kutoka kulala kabisa. Usikubali maneno "kinalala" kwenye tangazo, mwambie dada akilaze kweli na akupige picha ya pembeni.

Kuna faida nyingine ya baadhi ya hivi: kiti kinageuka mtoto akutazame wewe au atazame mbele. Wazo sio geni, William Richardson, Mmarekani mweusi wa Baltimore, alipata hataza ya kigari cha kugeuka mwaka 1889. Kwenye miezi ya mwanzo mgeuze akutazame. Unamuona anapumua, unaona amecheua, na mnaongea. Mwaka 2008 Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee kule Scotland alitoa utafiti wa kuangalia wazazi mitaani, na wale ambao mtoto alikuwa amewaelekea walikuwa wanaongea nae karibu mara mbili ya wale ambao mtoto kawapa kisogo. Kuongea na mtoto ni chakula cha ubongo wake, na ni bure.

Sasa ile seti ya wifi yako. Ni fremu moja, juu yake unapachika ama karikoti, ama kiti cha kukaa, ama kiti cha gari cha mtoto mchanga. Ukipata zote tatu, ni nzuri. Ila seti nyingi za Marekani zinakuja na viwili tu, kiti cha kukaa na kiti cha gari, na hapo mtego unaanza, watu wanamtoa mtoto kwenye gari ndani ya kile kiti, wanakipachika kwenye fremu, wanazunguka nae madukani, wanarudi nae nyumbani bado amelala humohumo, masaa yanapita. Kiti cha gari kimetengenezwa kumlinda mtoto gari likigonga na kazi hiyo kinaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, ndani ya gari mtoto awe humo na sio mapajani kwako hata kama safari ni ya kutoka Tabata mpaka Buguruni. Lakini mkao wake ni wa kukunja. Ushauri unaotolewa Uingereza ni asikae humo zaidi ya saa mbili mfululizo, na kwa wa wiki za mwanzo nusu saa inatosha. Mkifika, mtoe umlaze. Kama nyie hamna gari na mnatumia bajaji na daladala, kile kiti utakuwa umekilipia bure, kwenye bajaji hakifungiki kama inavyotakiwa. Tena kiti cha gari cha mtumba sikishauri kabisa isipokuwa unajua historia yake kwa mtu unayemwamini, kwa sababu kikishapata ajali hata kama kwa nje hakina mkwaruzo kinaweza kuwa kimepasuka ndani.

Vya magurudumu matatu makubwa ya upepo, vile vya kukimbia nae, vina asili ya Marekani, Phil Baechler wa Yakima jimbo la Washington alivianzisha mwaka 1984 kwa kufunga magurudumu ya aina ya baiskeli kwenye strola ili akimbie na mwanae. Kwenye barabara yetu mbovu vinapita vizuri kuliko vyote. Kukimbia nae usikimbie mpaka shingo na mgongo viwe imara, madaktari wengi wanasema angalau miezi sita na wengine wanasubiri minane, ila kutembea nae taratibu ni sawa kama kiti kinalala chali. Tairi zikipata pancha fundi baiskeli wa mtaani anaziba. Shida yake ni ukubwa, kukipandisha ngazi ni kazi. Vya mapacha navipita, hujasema una mapacha.

Woka. Naomba hapa unisikilize kwa makini kwa sababu hii nakataa moja kwa moja. Ile ya duara yenye kiti katikati na vigurudumu chini, mtoto ananing'inia humo anasukuma kwa vidole, haimfundishi kutembea. Kutembea ni kujifunza uzito wako uko wapi, unayumba, unaanguka kwa makalio, unaona miguu yako, unajivuta kwenye kochi, unajaribu tena. Ndani ya woka haya yote hayapo: kiti kimebeba uzito, ile meza ya mbele inamficha miguu, anasukuma kwa ncha za vidole badala ya kukanyaga kisigino, na anapata mwendo bila kujifunza kubalansi. Wengine wanachelewa kidogo kutembea kwa sababu muda ambao angekuwa chini anatambaa anautumia humo. Na kwenye kile kipimo cha Shirika la Afya, kutembea mwenyewe ni popote kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6, kwahiyo wa miezi kumi na nne ambaye hajatembea bado yupo ndani ya mstari na hana haja ya mashine.

Lakini hilo la kuchelewa sio linalonitisha. Linalonitisha ni kwamba unampa mtoto asiye na akili ya hatari mwendo wa zaidi ya mita moja kwa sekunde. Marekani peke yake kati ya mwaka 1990 na 2014 watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walikadiriwa kupelekwa hospitali kwa majeraha ya woka, wengi wakiwa wameanguka ngazini, na wengi wameumia kichwa. Na mara nyingi mtu mzima anakuwa karibu anamwangalia, ila hamuwahi. Canada waliona hayo wakapiga marufuku kuuza, kuingiza na kutangaza woka mwaka 2004, hata za mtumba. Sasa fikiria nyumba zetu, jiko la mkaa lipo chini, sufuria ya uji ipo sakafuni, waya wa birika unaning'inia, na wewe una ngazi za ghorofa mbili. Hapana. Hela hiyo nunua mkeka mzuri umlaze kifudifudi akiwa macho unamwangalia, hapo ndo shingo na mgongo vinajengwa. Akianza kusimama kwa kushika vitu fundi seremala anaweza kukutengenezea kigari kizito cha mbao cha kusukuma akiwa amesimama nyuma yake, kile ni tofauti, miguu inabeba uzito wake na akichoka anakaa chini.

Nije kwa mama mkwe, na naomba usigombane nae kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli tupu.

Kumbeba mgongoni kwa kanga ni kuzuri sana. Miguu inapopanuka kukuzunguka kiuno na magoti yakawa juu kidogo ya makalio, kile kichwa cha mfupa wa paja kinakaa sawasawa kwenye kikombe cha nyonga, na kwenye mwaka wa kwanza kikombe hicho kinajichonga kufuatana na jinsi mfupa ulivyokaa. Madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi waliandika mwaka 2015 kwamba matatizo ya nyonga za kuzaliwa waliyaona mara chache mno huko, wakahusisha na desturi hiyohiyo ya kubeba mgongoni. Kwahiyo kanga ibaki. Miezi ya mwanzo mbebe kifuani ambako unamuona, pua na mdomo viwe wazi, kidevu kisigande kifuani, unaweza kumbusu utosini bila kuinama. Shingo ikishakaza ndo mgongoni kwa raha zote. Usimbane miguu imenyooka pamoja kama mzigo wa kuni, hapo ndo nyonga inapata shida. Na usipande nae bodaboda hata kama umemfunga vizuri kiasi gani.

Nusu isiyo kweli ni matege. Kigari hakileti matege, wala kubeba mgongoni hakuleti, maana na hilo nalo utalisikia siku moja kutoka kwa mtu mwingine. Karibu watoto wote wanazaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa jinsi walivyojikunja tumboni, na wanapoanza kutembea unaona wazi zaidi, alafu kuelekea miaka miwili inanyooka yenyewe. Matege ya ugonjwa yanakuja kwa sababu nyingine, mara nyingi upungufu wa vitamini D au madini ya kalsiamu, mifupa inakuwa laini, au kasoro ya sehemu ya mfupa inayokua. Na kulemaa? Mtoto analemaa kwa kufungiwa, popote pale. Akishinda kutwa nzima amelazwa sehemu moja, iwe pramu, kitanda au kiti cha gari, kisogo kinaweza kubapa upande na shingo ikakaza upande mmoja. Kigari ni cha kumtoa sehemu moja kumpeleka nyingine. Mkifika, atoke, abebwe, alazwe mkekani, ashikwe na bibi.

Kitu kingine hujauliza ila unaishi Dar lazima niseme. Usifunike kigari kwa kanga kumkinga na jua. Najua kila mtu anafanya na anafanya kwa upendo. Gazeti moja la Sweden, Svenska Dagbladet, lilipima mwaka 2014 kwenye siku ya joto: ndani ya pramu bila kufunika ilikuwa digrii 22, wakafunika kwa kitambaa chepesi, baada ya nusu saa ikawa 34 na baada ya saa nzima 37. Hewa haizunguki na wewe humuoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2023 nao waliona kitambaa kikavu kinapandisha joto kwa zaidi ya digrii 2, ila kitambaa chepesi kilicholowanishwa maji pamoja na kifeni kidogo kikashusha kwa karibu digrii 5. Kwetu unyevu wa hewani ni mwingi, maji hayakauki haraka, kwahiyo sitakuahidi utapata nafuu hiyohiyo. Tumia kofia ya kigari, tembea kivulini, toka asubuhi au jioni, na mpapase kifuani au shingoni mara kwa mara, akiwa wa moto na amelowa jasho mtoe.

Basi kwa hali yako mimi ningefanya hivi. Miezi mitatu minne ya mwanzo utakuwa unashuka ngazi kwenda kliniki na kurudi, hapo kanga au mbeleko ndo kigari chako, huhitaji kitu kingine, na nyumbani analala kitandani kwake chini ya neti. Kwahiyo huna haraka ya kontena. Dada yako mwambie hivi: sitaki pramu kubwa, sitaki bagi ya mwavuli, natafuta kigari kimoja kinacholala chali kabisa kuanzia siku ya kwanza, kisichozidi kilo 9 au 10, magurudumu makubwa kiasi, mkanda wa sehemu tano yaani mabega mawili, kiuno pande mbili na katikati ya miguu, na kinakunjika kiingie kwenye bajaji. Magurudumu makubwa na wepesi vinagombana, hutapata vyote kwa ukamilifu. Ukibidi kuchagua, kwa ngazi zako chukua wepesi, na ule mchanga wa kufika lami mbebe mtoto kwa kanga huku unakivuta kikiwa kitupu. Kama kuna jirani wa chini au mwenye duka unayemwamini akakubali kigari kilale kwake, basi hesabu inabadilika, chukua cha tairi kubwa na usahau uzito. Ongea na watu kwanza kabla ya kununua, hilo linaweza kukuokolea hela nyingi. Kwenye daladala mtoe mtoto kabla hamjapanda, kikunje, mtoto mkononi. Mabasi ya mwendokasi wanapanda usawa wa jukwaa kwahiyo kuna unafuu kama hakuna msongamano, ila saa za kazi usijaribu.

Kikiwa cha mtumba, iwe kimetoka Birmingham au Kariakoo au Gikomba kwa wasomaji wa Nairobi, kikague kama unavyokagua pikipiki. Funga breki ukisukume kwenye mteremko, kisitembee. Kifungue na kukikunja mara kadhaa, kile kifungo cha pili cha usalama kiwe kinashika kweli, kisije kikajikunja na mtoto ndani. Bonyeza mpini kwa nguvu kuona kama kinapinduka nyuma, na hata kisipopinduka usitundike mifuko ya soko mpinini, weka kikapu cha chini, maana ukimtoa mtoto tu mifuko inakivuta chali, au mbaya zaidi kabla hujamtoa. Funga mkanda, vuta, angalia kitambaa kama hakijaoza. Na bawaba za pembeni ziangalie sana, mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa tangazo la usalama Marekani kwa vigari vya mwavuli karibu milioni moja baada ya watoto 12 kukatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinafunguliwa, wakagawa vifuniko vya bawaba bure. Vigari vya umri huo bado vinaweza kuwa vinazunguka kwenye mitumba bila vifuniko. Cha kampuni yoyote ile, mtoto awe mbali mikono haigusi wakati unafungua na kukunja.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyajua kwa kusoma swali, yanahitaji mtoto aonekane kwa macho na ashikwe. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, usimweke kwenye kiti cha gari wala kigari cha kukaa mpaka umewauliza waliomhudumia wodini, hao wanabanwa pumzi kirahisi zaidi. Kama alikaa matako chini tumboni, au kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuwa na nyonga iliyotoka, waambie kliniki wampime nyonga na waombe kipimo cha ultrasaundi kwenye wiki ya sita hivi, na wewe mwenyewe nyumbani ukiona paja moja halifunguki kama lingine wakati wa kubadilisha nepi, au mguu mmoja unaonekana mfupi, nenda usisubiri. Nyayo zikiwa zimepinda kwa ndani tangu kuzaliwa, ile tunaita miguu kifundo, hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu na inanyooshwa vizuri zaidi ikianza mapema, wiki za mwanzo kabisa. Kichwa kubapa upande mmoja au shingo kugeukia upande uleule kila siku, mlete kwa fiziotherapia kabla ya miezi minne. Akifika miezi minne kichwa bado kinaning'inia, au miezi tisa na kitu hakai mwenyewe, au miezi 18 hajatembea, aonwe na daktari wa watoto. Matege yanayoendelea baada ya miaka miwili, au mguu mmoja tu, au yanayozidi badala ya kupungua, aonwe. Na wakati wowote ukimtoa kwenye kigari ukamkuta midomo imebadilika rangi, amelegea, au anapumua kwa kuvuta mbavu, usipige simu kuuliza ushauri, nenda hospitali ya karibu saa hiyohiyo.